Matamvua

Kwetu neno hili lina kazi mbili:
nyuzi za pembeni mwa kikoi,
na nyuzi nyekundu anazopumulia samaki.
Ya tatu nilikuja kuijua nikiwa kwenye tope la magoti
pale Zigi unapoishia, mto na jina lake,
chupa ya jemu mkononi,
ndani yake uduvi kumi na saba
wanaopitisha mwanga kama ukucha wa mtoto.

Alfajiri, bamvua limejaa, kipimo kilisoma thelathini na nne.
Saa tisa alasiri mvua ya Amani ilikuwa imeshafika chini:
sita.
Mikoko ile ile. Uduvi wale wale.

Fikiria umelala baharini
ukaamkia maji ya kunywa,
na mlango wa kufunga huna.
Ganda unalo, ndiyo, lakini ganda lina mwanya,
na mwanya ndipo pumzi inapopita.
Nani ataziba pua kuzuia gharika?
Maji matamu yanaingia bila hodi,
yanaifuata chumvi iliko.
Chumvi nayo inatoka bila kuaga.

Basi hapo mlangoni, kwenye matamvua,
wamo vibarua wadogo kupita jina.
Hawana usiku.
Maji yakipita wanadaka chembe, chembe, chembe,
wanaipandisha ndani, kinyume cha mteremko,
kama mtu avutaye ndoo kisimani
kwa kamba aliyoisokota kwa chakula chake mwenyewe.
Hakuna chembe ya bure.
Masika yakizidi, uduvi hukonda
huku amejaa maji.

Na yale ya ziada
huyakojoa kwenye mashina ya papasi, jirani na macho.
Nilipomweleza mama hili
alicheka hadi akashika ubavu.

Mama, Mwantumu binti Kilua,
miaka ishirini na sita kwenye majaruba ya chumvi, Tongoni.
Pampu ya dizeli ikiivuta bahari,
yeye na reki, yeye na jua,
visigino vimepasuka kama tope la kiangazi.
Sasa kadi ya Bombo imeandikwa kwa wino wa bluu:
presha, mia na themanini. Chumvi, apunguze.
"Niliyoivuna kwa magunia," anasema,
"leo napimiwa kwa ncha ya kisu."

Jioni aliinua chupa, akaielekeza kwenye taa.
"Hawa wako, ukiwatia jarubani?"
Nikamwambia, wapo ambao kazi hugeuka:
vibarua hao hao, mlango huo huo,
ila sasa wanaitupa nje.
"Nani huwaambia wageuke?"
Nikasema damu. Nikasema kuna vijumbe ndani ya damu.
Nikasema, kwa kweli, sijui vizuri.
Akawa anasokota matamvua ya kikoi chake,
anasokota, anasokotoa.
"Yangu haijaniambia kitu," akasema.
"Imenyamaza tu, inapanda."

Usiku nilisikia kifuniko cha kopo jikoni.
Najua sauti ya kopo lile: la maziwa ya unga, lina kutu.
Sikuinuka.
Ningesema nini, mimi niliyesomeshwa kwa chumvi,
ada ya kidato cha kwanza gunia tatu,
ya pili gunia tano?

Asubuhi niliwahesabu.
Kumi na sita, na ganda tupu moja chini ya chupa.
"Mmoja amekufa," akasema mama nyuma yangu.
Nikatazama tena.
Yupo, amejibanza kwenye jani la mkoko,
laini, ametoka kujivua,
milango yote wazi,
kifua, kama ni kifua, kinapepea haraka haraka,
vibarua wamo kazini.

Mama alisogea, akainamisha uso hadi pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.
Akaufuta kwa ncha ya kikoi.
"Basi," akasema, "leo usimtikise."